Shabaha ya Hombolo

Uvuvi wa kutumia nzi wa bandia ni mambo ya watu wenye subira. Ile ndoana imevishwa manyoya na uzi tu ifanane na nzi, haina uzito wa maana, kwa hiyo hata ukiirusha haiendi. Kinachorushwa ni mshipi, ambao wenyewe ni mnene na mzito. Ndoana inafuata nyuma kama abiria. Hayo nilielezwa na rafiki yangu Mskoti kwenye bwawa la Hombolo, upepo wa Dodoma ukitujaza vumbi machoni.

"Kaka, fimbo ikienda nyuma, isimamishe. Subiri mshipi unyooke wote, ndipo ulete mbele. Jicho lisibanduke kwenye shabaha. Mkono unafuata jicho."

Shabaha ilikuwa kishungi cha matete. Sawa. Ila nyuma yetu, hatua chache tu, mama mmoja alikuwa anakaanga perege, na mimi tangu tunafika nilishaagiza mmoja na ugali. Sasa mwambie mwenye njaa asisikie mafuta yanavyolia! Fimbo ikirudi nyuma, na shingo inarudi. Nikamwona anatolewa karaini, mkia umekauka vizuri, analazwa kwenye sinia, ndimu pembeni.

"Usigeuke!"

Nikatazama matete. Nikasubiri mshipi unyooke huko nyuma, kama nilivyofundishwa. Ukanyooka. Nikavuta mbele, fimbo ikapinda, nikajisemea: hapo sasa! Kitu kikapita juu ya vichwa vyetu kinanukia kitunguu saumu.

Mskoti huyu hukibana kwa koleo kile kijino cha ndoana, ili samaki achomoke bila kuumia. Na kweli, alichomoka bila kuumia. Akatua chubwi! kando ya matete, pale pale nilipoambiwa nilenge. Kuna watu wanarusha hadi wanaota mvi, hawajawahi kuweka kitu mahali pake namna ile. Kambale naye hachagui chakula. Maji yakapasuka, yakatulia, perege kwisha habari.

Watoto wakagaagaa chini kwa kicheko. Mskoti kashika kofia mkononi, hajui apige makofi au aombe radhi.

"Shikamoo mama," nikasema, na tulikuwa tumeshasalimiana asubuhi.

"Marahaba mwanangu." Akalitazama sinia, akanitazama mimi. "Yule ndiye alikuwa wako. Ugali nikuletee mtupu?"