Kutunga Vizuri Si Kujua Kila Kitu

Mwandishi akishanitungia hadithi ikanitoa machozi, kesho yake akizungumzia uchumi au asili ya ulimwengu namsikiliza huku nimeshaanza kukubali. Nadhani wengi tuko hivyo. Siku hizi najizuia, maana imani hiyo huwa hajaifanyia kazi.

Aliyenifungua macho ni Arthur Conan Doyle, daktari aliyemtunga Sherlock Holmes, mpelelezi asiyekubali neno bila dalili. Mwaka 1917 wasichana wawili wa Cottingley, Uingereza, walipiga picha zilizowaonyesha wakiwa na vijitu vyenye mabawa. Doyle aliziamini. Alizitangaza katika jarida mwaka 1920, na miaka miwili baadaye akaziandikia kitabu kizima. Mwaka 1983, wakiwa vikongwe, wanawake hao walikiri kwamba vijitu vile vilikuwa michoro ya karatasi iliyosimamishwa kwa pini za kofia, ingawa mmoja wao alishikilia kwamba picha ya mwisho ilikuwa ya kweli.

Muumba wa Holmes alinaswaje? Naona jibu limo katika ufundi wenyewe wa kutunga. Mtunzi wa hadithi za upelelezi humjua muuaji kabla ya msomaji. Dalili anazipanda yeye, kisha anamtuma mpelelezi wake akazivune. Holmes hupatia kwa sababu dunia yake imeumbwa apatie. Kumwandika mtu mwenye jicho kali ni kipaji kikubwa, ila hakimpi mwandishi jicho hilo.

Sisemi fasihi haithibitishi lolote. Riwaya ikinionyesha wivu unavyomla mtu taratibu, nikaukuta wivu huohuo ndani yangu, mwandishi amenithibitishia kwamba anaujua moyo wa binadamu. Akiandika insha kuhusu wivu nitaisoma kwa heshima, kwani jambo ni lilelile. Goethe, mshairi wa Kijerumani, alipoeleza, mwaka 1810, jinsi jicho linavyoona vivuli vyenye rangi, alistahili kusikilizwa. Alipombishia Newton kwamba mwanga mweupe si mchanganyiko wa rangi, alikosea, na ushairi wake wote haukuweza kumwokoa.

Vladimir Nabokov namheshimu zaidi katika suala hili. Mwaka 1945, miaka kumi kabla ya riwaya iliyomletea umaarufu, alikuwa akishughulikia vipepeo katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Harvard. Aliandika kwamba kundi fulani la vipepeo wa buluu wa Amerika lilitoka Asia, likaingia kwa awamu kupitia Bering, mahali Asia na Amerika zinapokaribiana. Mwaka 2011 watafiti waliolinganisha vinasaba vya vipepeo hao walikuta kwamba alisema kweli. Hoja yake ilitokana na saa nyingi kwenye hadubini, akichambua viungo vya uzazi vya kipepeo mmoja baada ya mwingine. Aliyempenda kwa ajili ya hadithi zake tu hakuwa na sababu ya kumwamini kuhusu vipepeo. Aliyeiona michoro ya viungo vile alikuwa nayo.