Sindano ya miezi mitatu na mbwa jike

Wenye mbwa wa ulinzi kule Casuarina na Mayungu, Malindi, hawana hamu ya kuona jike amepata joto, yaani anataka dume. Madume ya mtaa mzima hukesha ukutani, mlinzi wa usiku safari hii halali kweli, na baada ya siku 63 hivi kuna vitoto visivyo na mwenyewe. Dawa waliyoizoea wengi ni sindano, ile ile ya medroksiprojesteroni wanayodungwa akina mama kila miezi mitatu kupanga uzazi. Wanaoitetea wana hoja inayoeleweka: haina kisu, bei yake si ya kuumiza, na kama haimdhuru mama mwenye nyumba, itamdhuru vipi mbwa?

Hapo kwenye swali la mwisho ndipo mambo yanapoharibika, kwa sababu mwili wa jike hauendi kama wa mwanamke. Mwanamke asiposhika mimba, projesteroni, homoni inayokiandaa kizazi kwa mimba, hushuka baada ya wiki mbili hivi na hedhi ikaja. Jike hupata joto takriban kila miezi sita au saba, na likipita, projesteroni hubaki juu kwa karibu miezi miwili, awe amepandwa au hakupandwa. Muda wote huo ukuta wa kizazi hunenepa na kutoa ute, misuli yake hutulia, na vijidudu vilivyopenya wakati wa joto hupata makao. Sasa mwongezee homoni ya jamii hiyo hiyo, tena mara nyingi damu ikiwa imeshaonekana, estrojeni, homoni nyingine ya kike, imeshakiandaa kizazi kuipokea.

Kinachofuata ni usaha kizazini. Wiki kadhaa baadaye jike anamaliza ndoo ya maji, anakojoa ovyo, chakula hataki, tumbo linajaa. Mlango wa kizazi ukiwa wazi, utamwona anajilamba kila saa na mkia umechafuka. Ukijifunga, hakuna dalili ya nje mpaka siku anaposhindwa kuinuka, na watu husema kalishwa sumu. Tiba ya kawaida ni upasuaji ule ule wa kutoa kizazi uliokwepwa, ila sasa unafanyiwa mnyama mahututi. Nchini Sweden, ambako majike wengi huachwa na kizazi chao, takwimu za bima zilionyesha kuwa karibu robo yao huugua hivi kabla ya kufika miaka 10. Robo nzima! Kurundika homoni juu ya hatari ya namna hiyo ni kucheza pata potea. Na bado sijataja uvimbe wa matiti wala kisukari.

Wapo pia wanaodunga jike aliyekwisha kupandwa, wakitaka mimba itoke. Projesteroni ndiyo inayoishikilia mimba. Siku za kuzaa zikitimia uchungu hauji, na watoto wanaweza kufia tumboni.

Wanaoogopa kisu nao hawabwabwaji. Nusukaputi ina hatari yake, gharama ni kubwa, na baadhi ya majike, hasa wa miili mikubwa, baadaye hushindwa kuzuia mkojo. Kwa mbwa kama Golden Retriever, kutoa kizazi mapema kumehusishwa na maradhi ya viungo, kwa hiyo umri ni jambo la kuzungumza na daktari wa mifugo. Ila anayesema upasuaji ni kubadili maumbile, sijui sindano anaiweka fungu gani.

Anayefuga German Shepherd wa kuuza hawezi kuambiwa atoe kizazi. Huyo ana njia ya zamani: kumfungia jike wiki tatu tangu tone la kwanza la damu. Wengi hushindwa katikati. Karibu na wiki ya pili damu hupauka, mwenye mbwa akadhani joto limekwisha, akafungua banda. Kumbe hizo ndizo siku jike anapokubali dume.