Msikiti Mdogo wa Kuba unataka fundi wa kudumu

Tukivuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani, kisiwa cha magofu ya kale, wengi hukimbilia Msikiti Mkuu. Mimi huenda kwanza Msikiti Mdogo wa Kuba. Ni wa karne ya 15, hauna makuu, na paa lake sehemu kubwa bado limesimama. Juu ya kuba ya katikati kuna nguzo fupi yenye pembe nane. Ukiingia sauti inashuka yenyewe.

Magofu ya Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara yaliingia Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, yakatolewa mwaka 2014. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini miradi ya ukarabati ina mwisho, na mvua ya masika inarudi kila mwaka.

Kijijini kwetu, Lindi, tuna kimsikiti cha mawe alimosali babu yangu. Kwa nia njema kabisa kilipigwa lipu ya saruji. Juzi nimeigonga kwa kidole, ikalia tupu. Nikaivuta, kikabanduka kipande kizima, na nyuma yake jiwe limekuwa ungaunga, chumvi nyeupe imelijaa. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu na lazima uutoe. Chokaa inauachia, saruji inauziba, basi chumvi inalila jiwe kwa ndani.

Chokaa ina kazi. Matumbawe hupangwa juu ya magogo ya mikoko, huchomwa, kisha humwagiwa maji na kuachwa yalainike muda mrefu kabla ya kuchanganywa na mchanga. Najua mikoko haikatwi ovyo, wala matumbawe hayavunjwi ovyo, na ni sawa. Kibali cha kiasi kidogo kwa kazi hii kitolewe. Wazee wanaoijua ni wachache, na mkono wa mwashi haurithiwi kwa kusimuliwa.

Kwa hiyo naomba jambo moja: vijana wawili watatu wa Kisiwani waajiriwe, mshahara wa kila mwezi, wafundishwe na wazee hao, wazunguke kuta mwaka mzima na ndoo ya chokaa.

Safari yangu ya mwisho niliona mche wa mkuyu kwenye ufa, juu kidogo ya kichwa changu. Ulikuwa na majani matatu. Wiki ile mtu mmoja angeung'oa kwa vidole viwili.