Ndege ndogo kuishiwa mafuta angani: je, lawama zote ni za rubani?

Mwezi Agosti 2017, Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafirishaji ya Marekani, NTSB, iliwatahadharisha marubani wa ndege ndogo kwamba kati ya 2011 na 2015 ajali zilizotokana na usimamizi mbaya wa mafuta zilizidi 50 kwa mwaka kwa wastani. Zaidi ya nusu yake ndege ziliishiwa kabisa. Katika nyingine mafuta yalikuwamo lakini hayakufika kwenye injini, kwa mfano rubani alipochelewa kuhamia tanki la pili. Hitilafu ya mfumo wenyewe ilitajwa katika chini ya asilimia 5 ya uchunguzi.

Wanaomtupia rubani lawama zote wana hoja nzito. Cessna 172S, ndege ndogo ya injini moja, hubeba takriban lita 200 za mafuta zinazoweza kutumika na huchoma kama lita 35 kwa saa, kwa hiyo muda wa kukaa angani hujulikana kabla injini haijawashwa. Sheria ya Marekani nayo inamtaka anayeruka kwa kuona nje apange kubaki na akiba ya dakika 30 mchana na 45 usiku.

Hata hivyo, hesabu hiyo haifanyiki katika mazingira tulivu. Ndege hiyohiyo yenye viti vinne kwa kawaida haiwezi kubeba watu wazima wanne na matanki yaliyojaa bila kuvuka uzito unaoruhusiwa, hivyo kuondoka na mafuta pungufu huweza kuwa uamuzi wa kiusalama kabisa. Kisha upepo wa mbisho huzidi utabiri, na geji za mafuta za ndege za zamani, kama marubani wenyewe wanavyojua, si za kutegemewa peke yake.

Linalonisumbua zaidi katika takwimu za NTSB ni kwamba asilimia 48 ya marubani waliohusika walikuwa na leseni za kibiashara au za mashirika ya ndege, ilhali wanafunzi walikuwa asilimia 2 tu. Ni kweli kwamba wanafunzi huruka safari fupi chini ya uangalizi, lakini takwimu hiyo inatosha kuonyesha kuwa ujuzi peke yake haukingi.

Wapo wanaotaka kila ndege ifungwe kifaa cha kuhesabu mafuta yanayotumika. Kinasaidia, ila huanza na kiasi alichoingiza rubani. Kiasi hicho kikiwa cha kukisia, hesabu yote inayofuata ni ya kukisia. Ndiyo maana naona kupima tanki kwa kijiti kabla ya kuruka bado hakuna mbadala.

Ninaunga mkono zaidi ushauri wa Taasisi ya Usalama wa Anga ya AOPA, chama cha wamiliki wa ndege na marubani cha Marekani, wa kutua ukiwa na akiba ya saa nzima. Pingamizi la uzito halina nguvu hapa: kwa Cessna 172S, nusu saa ya ziada juu ya matakwa ya sheria ya mchana ni kama lita 17, ambazo hazifiki kilo 13.