Gitaa, Nadharia na Sikio la Mzanzibari

Kijana wa Unguja au Pemba anayeshika gitaa kwa mara ya kwanza hukutana mapema na mashauri mawili yasiyopatana. Wapo wanaomtaka asome kwanza noti, skeli (ngazi ya sauti) na mpangilio wa kodi (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja), na wapo wanaomwambia aweke vitabu pembeni, akae karibu na mpigaji mzoefu, atazame vidole na kuiga. Kila upande una ukweli wake, na nitaueleza, lakini naona wote wawili wanalipita swali ambalo hapa kwetu ndilo zito zaidi: nadharia ipi?

Historia iko upande wa wenye kutegemea sikio. Taarabu iliyokuja kutoka Misri katika enzi ya Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ilishuka kutoka kizazi hadi kizazi zaidi kwa kusikiliza na kurudia kuliko kwa karatasi, na mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad, ambaye hakupata kusoma skuli, alirekodi santuri Bombay mwaka 1928. Gitaa lenyewe nalo huwapa hoja. Kwenye piano kila sauti ina kibao chake kimoja. Kwenye gitaa, sauti ya uzi wa kwanza ukiwa wazi hupatikana pia katika freti (kile kichuma kinachokatiza shingo) ya 5 ya uzi wa pili, freti ya 9 ya uzi wa tatu na freti ya 14 ya uzi wa nne. Noti iliyoandikwa kwenye mistari mitano humwambia mpigaji sauti gani inatakiwa, ila haimwambii aiguse wapi, na mwanafunzi mchanga anaweza kumaliza jioni nzima akitafuta mahali badala ya kupiga. Ndiyo maana wengi hukimbilia tabo, ile mistari sita yenye namba za freti, ambayo baadhi ya walimu huidharau bila haki, kwa kuwa wapigaji wa lute, ala ya nyuzi, wa Ulaya waliandika muziki wao kwa njia ya aina hiyo tangu karne ya 16. (Lute yenyewe, kwa jina na kwa umbo, ni mtoto wa udi, ala ya nyuzi ya Kiarabu inayopigwa katika taarabu.) Kasoro ya tabo iko kwingine: mara nyingi huonyesha mahali bila kuonyesha sauti idumu kwa muda gani, hivyo asiyeujua wimbo tayari hawezi kuufufua kutoka humo.

Wanaotetea nadharia huonekana wana haki pale mambo yanapoharibika. Nimewahi kumwona mpigaji hodari akikwama mbele ya watu kwa sababu mwimbaji, aliyekuwa na mafua, aliomba wimbo ushushwe hatua mbili. Vidole vyake viliujua wimbo kama umbo moja lisilohamishika, na kapo (kibanio cha shingo ya gitaa) aliyokuwa nayo mfukoni haikumfaa, maana kapo hupandisha sauti za nyuzi, haizishushi. Angejua kwamba kodi za wimbo ule zilikuwa ya kwanza, ya nne na ya tano, zikihesabiwa kwa sauti za skeli zinazoanzia, angezihamisha zote kwa pamoja. Mfano unaopendwa wa mtoto anayezungumza kabla ya kusoma hauniridhishi kwa sababu hiyo hiyo: mtoto husikia maneno mchana kutwa, ilhali mwanafunzi wetu husikia gitaa nusu saa kwa siku, tena pengine kutoka kwenye simu. Kuhusu mbinu za mkono, yaani kidole gumba kikae wapi nyuma ya shingo na kidole gani kishike uzi gani, sioni ubishi mkubwa. Hayo hufundishwa na mtu aliyekaa mbele yako.

Sasa lile swali. Nadharia inayokuja pamoja na gitaa huigawa njia ya kutoka sauti moja hadi mwenzake wa juu katika hatua 12 zilizo sawa, na freti zimepigwa shingoni kuulinda mgawanyo huo. Shingo ya udi haina freti. Mtoto aliyekulia Ng'ambo au Wete amezoea, kupitia kasida, adhana na taarabu, sauti ambazo zimo katikati ya hatua hizo. Maqamu (mpangilio wa sauti katika muziki wa Kiarabu) ya Hijaz hukubali gitaa: kwenye uzi wa sita piga uzi wazi, kisha freti ya 1, ya 4 na ya 5, na msikilizaji ataitambua mara moja, ingawa mpiga udi mzoefu atalalamika kwamba lile pengo la kati limepanuka kupita kiasi. Bayati, maqamu nyingine, haikubali hivyo. Ikianzia D, yaani uzi wa nne ukiwa wazi, sauti yake ya pili huangukia kati ya freti ya 1 na ya 2 ya uzi wa nne, mahali ambapo hakuna chuma. Dawa ni kubana freti ya 1 na kuuvuta uzi hadi sauti ipande robo toni, yaani nusu ya hatua moja ya freti; karibu na kichwa cha gitaa uzi huwa mgumu kuvutika, na nyuzi za nailoni hukubali kwa shida zaidi. Mwanafunzi asiyejua maqamu atadhani sikio lake ni bovu, kumbe chombo ndicho chenye mpaka.

Kwa hiyo siwezi kukubali nadharia ya kodi peke yake, wala siwezi kusema sikio linatosha, kwa kuwa sikio husikia tofauti ile lakini halielezi inatoka wapi. Utaratibu ninaouona unafaa ni mwanafunzi aanze na nyimbo tatu au nne kwa kuiga, kisha afundishwe namba za kodi mara tu atakapotakiwa kuhamisha wimbo, na maqamu yafuate hapo hapo badala ya kungojea hatua ya juu. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa 2002 Mji Mkongwe, kimewahi kuweka udi, kanuni (ala ya nyuzi nyingi) na gitaa chini ya paa moja, na faida ya ujirani huo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mpiga gitaa anayekaa na mpiga udi, wakapiga Bayati moja kwa zamu, huhitaji dakika chache tu kujua ni wapi auvute uzi na ni wapi auache.