Aliyemaliza dozi ya TB bado anahitaji kuulizwa hali

Mgonjwa wa kifua kikuu akimaliza miezi 6 ya dawa na makohozi yakawa safi, kliniki humwandika amepona, na kuanzia hapo hakuna anayemtafuta. Naona tunawaacha mapema mno. TB ikirudi kwa sababu vimelea vya mwanzo havikuisha, mara nyingi hurudi ndani ya mwaka wa kwanza baada ya dozi.

Na walio hatarini tunawajua. Eksirei ya mwanzo ikionyesha matundu kwenye mapafu, na miezi 2 ya matibabu ikapita makohozi yakiwa bado na vimelea, huyo ni wa kufuatiliwa. Ndani ya matundu hayo vimelea huwa vingi mno, na dawa huvifikia kwa shida. Marekani, mgonjwa wa namna hii hushauriwa kutumia dawa kwa miezi 9. Mwenye VVU asiyetumia ARV, mwenye kisukari ambacho hakijatulia, mvuta sigara na aliyekonda asirudishe mwili, nao wamo.

Anayeniumiza zaidi ni mchimbaji wa madini. Vumbi la mwamba lenye silika likishaingia ndani kabisa ya mapafu hudhoofisha kinga yake, na kuacha kazi hakuliondoi. Mchimbaji wa Mirerani anaweza kutibiwa hospitali ya Kibong'oto akapona vizuri, kisha akarudi shimoni kwa sababu watoto wanataka kula. Akiugua tena, mtaani wanasema hakumeza dawa. Lawama hiyo mara nyingi ni ya uonevu. Kuugua TB hakumpi mtu kinga ya kutoipata tena: utafiti wa Cape Town uliotolewa mwaka 2005 ulikuta waliotibiwa wakapona wakiugua TB ya maambukizi mapya takriban mara 4 ya kiwango cha watu wengine katika maeneo hayohayo.

Ningependa kliniki iwapigie simu watu hawa mwezi wa 3, wa 6 na wa 12, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii awapime uzito na kuuliza kama wanakohoa. Wenye migodi nao wachoronge kwa maji, vumbi lipungue.

Nawe uliyemaliza dozi, kikohozi kikifika wiki 2 rudi kliniki. Waambie mapema kwamba uliwahi kutibiwa TB, ili makohozi yapimwe pia usugu wa dawa.