Racheti Si Mamba

Vifundo vya mkono wangu wa kulia leo havitazamiki. Ngozi imebaki huko ndani ya injini, na wala si injini ya kujivunia, ni ya hiki kigari changu ambacho mke wangu hukiita "mke mwenzangu" tangu siku nilipokileta nyumbani. Stata, ile mota ya kuamsha injini, imekataa kazi. Ukizungusha ufunguo inasema tak!, kisha kimya, kama mpangaji aliyebishiwa hodi tarehe 5.

Sasa stata kuitoa si kazi ya ajabu. Boliti 2 za namba 14, nati moja ya waya mnene, plagi ya plastiki, imetoka. Hivyo ndivyo mambo yalivyo katika maelezo. Ndani ya gari, boliti ya chini waiona, waisalimia, waifungua. Ya juu imehamia nyuma huko, chini ya inteki, yale mabomba ya kuingiza hewa kwenye injini, baina ya bomba la hita na msitu wa nyaya. Najiuliza huyo mhandisi alikuwa na mkono wa namna gani. Nadhani hakuwa nao, alikuwa na kalamu tu.

Na hapa kwetu kuna la ziada. Huu upepo wa bahari ambao watalii huulipia, sisi twapewa bure, mchana na usiku, na ndani yake mna chumvi. Boliti ikikaa Mombasa miaka michache haiwi boliti tena, inakuwa mwili mmoja na gari. Kichwa kimelika, pembe zimelainika, ukiivika soketi, ile kofia ya chuma ya kufungulia, ya pembe 12, inateleza na kuondoka na kile kidogo kilichobaki. Soketi iwe ya pembe 6, inashika ubavu. Hilo sijadiliani na mtu.

Na kabla hujagusa chochote, toa waya hasi wa betri, maana ule waya mnene wa stata una moto saa zote, hata ufunguo uwe mfukoni mwako na wewe uko msikitini. Waya wa betri wafunguliwa kwa spana namba 10. Namba 10 yangu iko kwa jirani. Tuendelee.

Fundi nimempigia, yuko Makupa, anakuja. Tangu nimjue yuko Makupa, anakuja. Shemeji akanishauri niigonge stata kwa nyundo huku mtu akiwasha. Kweli ikawaka, ikawaka kwa huruma, na kesho yake huruma ikaisha.

Ndipo nikaamua, mimi mtu mzima mwenye heshima zangu, kwenda kununua racheti ya kuingia mahali pa finyo, yaani ule mpini wa kuzungushia soketi, unaokwenda na kurudi bila kuitoa soketi kwenye boliti. Ile niliyo nayo nyumbani pua yake ya mraba, pale soketi inapovikwa, ni ya nusu inchi, na ndani ina meno 24. Fanyeni hesabu wenyewe. Duara ni nyuzi 360, gawa kwa 24, unapata 15. Maana yake mpini usipopata nafasi ya kusogea nyuzi 15, ule ulimi wa ndani haudaki jino la pili. Waenda, warudi, na boliti iko pale pale inakutazama. Mimi chini ya inteki nina nyuzi 5, na hizo 5 nimezipata kwa kulisukuma bomba la hita kwa kiwiko. Hivyo basi meno yanayotakikana ni 72, si pungufu. Na kichwa kiwe chembamba, kwa sababu meno hata yawe 120, ikiwa kichwa hakipiti, hayo meno utayatafunia wapi?

Robo inchi ndiyo nyembamba kuliko zote, najua, msiniandikie. Lakini seti nyingi za robo inchi soketi zake huishia 13 au 14, na ile pua yake ya mraba, milimita 6 na kidogo, siitaki karibu na kutu yangu. Nusu inchi ni ya nati za magurudumu. Tatu kwa nane ya inchi ndiyo ya mtu aliyetulia.

Nikaoga, nikavaa shati la mikono mirefu nifiche vifundo, nikaenda Mwembe Tayari.

Duka lenyewe upana wake ni mlango. Pande zote mbili vitu vimepanda hadi darini, feni moja yazunguka kwa kujilazimisha, na nyuma ya kaunta ameketi ami mmoja wa makamo, fulana nyeupe, kikoi, miwani imefungwa uzi. Mbele yangu kuna mama anayenunua misumari ya mabati, dereva wa tuktuk aliyekuja kuuliza balbu, na kijana mwenye simu ambaye mpaka sasa sijui alikuja kununua nini.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Wataka nini?"

"Nataka racheti. Tatu kwa nane, mpini mfupi, kichwa chembamba, meno sabini na mbili."

Ami akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Meno?"

"Meno, ami."

"Mwanangu, racheti si mamba."

Dereva wa tuktuk akacheka mpaka akashika rafu. Nikatabasamu kwa adabu, kwa sababu nilikuwa bado nina adabu wakati ule. Ami akamwita mtoto wa duka: "We! Mletee mzee ile kubwa." Nilipofika nilikuwa mwanangu, sasa nimekuwa mzee. Mtoto akaja na dude la nusu inchi ambalo ukipita nalo usiku, askari atakusimamisha akuulize unakwenda kumpiga nani.

"Ami, hii haiingii."

"Haiingii wapi? Lete gari."

"Gari haliwaki, ami."

"Basi shika, pima uzito. Kitu kizito ndicho kizuri."

Nikamwambia sitaki uzito, naenda kufungua stata, siendi kutia nanga. Akanigeuzia mpini, penye jina la chuma kigumu cha vifaa: "Soma. Krome vanadiamu." Nikasoma. Palikuwa pameandikwa CHORME VANADUIM. Nikamwonyesha kwa kidole. Ami akasogeza miwani, akasoma herufi kwa herufi, akasema, "Hiyo ni ya kwao huko, waandika hivyo."

Mama wa misumari akaingilia: "Mpe ile ya shingo ya kukunja. Marehemu mume wangu alikuwa nayo." Ya shingo ya kukunja naijua, Mungu amrehemu marehemu. Inaingia kila pembe, lakini ile pini ya shingo ikianza kulegea, ukivuta yenyewe inakunja, na mkono unakwenda kugonga pale ambapo mimi nimeshagonga.

Baada ya kunyanyua mirija ya gundi, tepu na boksi la vitasa, mtoto wa duka akaibuka na kitu kimejaa vumbi. Racheti ndogo. Tatu kwa nane. Mpini hauzidi kiganja, kichwa bapa, mgongoni kitufe cha kutoa soketi. Nikaizungusha. Zile zetu za zamani husema ka, ka, ka. Hii ikasema krrrr, laini, ya karibu karibu. Moyo ukanidunda, lakini uso nikaukaza ili bei isipande.

"Ina meno mangapi hii?"

Ami hajui. Boksi halisemi, boksi lina picha ya mwanamke anayecheka. Nikawaambia kuna njia: shika ile pua ya mraba isizunguke, upeleke mpini duara moja kamili, uhesabu milio. Laiti ningejua nimefungua nini.

"Zimeni redio!" akasema ami. Redio ikazimwa. Mama akaweka misumari chini. Tukaanza, duka zima, moja, mbili, tatu, mimi nazungusha, wao wahesabu. Tulipofika 41 akaingia mtu akauliza gundi ya mabomba ni pesa ngapi. Ami akamjibu "mia mbili," na pale pale nusu ya duka ikaruka hadi 200.

Tukaanza upya. Safari hii mtu wa gundi naye akabaki, akawa anahesabu kwa sauti kuliko sisi. Tukafika 50 na kitu, kijana wa simu akapaza sauti: "Kumbe racheti ya soketi ni ya zamani! Hati ya uvumbuzi ya 1863, J. J. Richardson, Vermont, Marekani!"

"1863?" Ami akaacha kuhesabu. "Wakati huo hapa tuko chini ya Sultani Majid wa Zanzibar, na mji mzima hauna boliti moja. Watu jahazi wakizishona kwa kamba za nazi na zikisafiri. Na hazikuwa na stata."

Mara ya tatu nikatia alama kwenye mpini kwa kalamu ya ami, tujue tulipoanzia. Hapo tukafika. Mimi nikapata 72. Mtu wa gundi akapata 74. Mama akapata 69 na akaapa kwamba mtoto wa duka alimhesabia sikioni. Dereva wa tuktuk akasema yeye alipata 72 lakini alianzia sifuri. Mabishano yakaanza, ya kisayansi kabisa, na huko nje abiria wa tuktuk, mama wa watu aliyeambiwa "nakuja sasa hivi," anapiga kelele kwamba samaki wake wanaharibika.

"Bei, ami."

"Kwa sababu umejua meno yake, elfu mbili na mia tano."

Yaani! Angalieni dhuluma hiyo. Yeye alikuwa hajui ana nini boksini, mimi nikamfundisha, nikamhesabia, nikamwekea na alama, na sasa nalipia masomo niliyoyatoa mwenyewe! Nikamwambia elfu moja. Akanitajia bei ya makontena, bei ya dola, ada ya shule ya wajukuu. Nikamtajia vifundo, nikakunja mkono wa shati nikavionyesha. Mama akasema "masikini" kwa sauti ya kunisaidia. Ami akashuka hadi elfu moja na mia sita, akaapa kwamba hapo anakula hasara. Nikalipa kwa simu, ujumbe wa kwangu ukaja, wa kwake haukuja, tukakaa tukitazamana kama... la, basi, tulitazamana tu, muda mrefu, mpaka simu yake ikalia na akanipa karatasi ya kufungia.

Sasa mtaniuliza boliti imetoka? Mwaniuliza swali hilo mkiwa mmekaa chini ya feni. Kwanza jueni kwamba mpini mfupi haukupi nguvu. Nguvu ya kuvunja kutu yatoka kwenye urefu wa mpini, na hizi racheti za meno laini hazikuumbwa kwa kuvunja kitu kilichoganda. Unaitia boliti mafuta ya kulainisha, unaiacha, unaivunja kwanza kwa ringi spana ndefu, robo ya mzunguko tu, kisha racheti ndogo ndiyo inaingia kuimaliza kidogo kidogo, nyuzi 5, nyuzi 5. Na asije mtu kuniambia nivike bomba kwenye mpini wake ili uwe mrefu. Ulimi wa ndani ukivunjika, umebaki na kengele.

Yote hayo nayajua. Spana ndefu ninayo. Mafuta nimetia. Racheti ya meno 72 imelala mezani juu ya gazeti. Kinachokosekana ni namba 10 ya kutoa waya wa betri, na jirani amekwenda Kilifi mazikoni, kafunga mlango, namba 10 yangu imo ndani. Mke wake nimempigia. Ati spana aliitumia kufungua mtungi wa gesi. Mtungi wa gesi na namba 10! Watu gani hawa? Nawaulizeni, watu gani hawa?

Kwa hivyo natembea kwa miguu, na kutembea kwa miguu ndiko kulikonifikisha kwa muuza nazi pale kona, kwa sababu mke wangu ameona nisiende mahali bure. Zamani nazi ulikuwa ukipewa mwenyewe uitikise, usikie maji, uigonge kwa kucha, ndipo ukubali. Huyu wa siku hizi aitikisa yeye, kando ya sikio lake, aniambia, "Iko sawa mzee, yalia." Nikamwambia nipe nisikie na mimi. Akaniambia iliyotikiswa imekwisha tikiswa, ukiitikisa sana inachacha. Nazi! Inachacha kwa kutikiswa! Nikachukua 2, kwa hasira, na moja, wallahi, ilikuwa imeoza, na mchuzi wa jana ndio huo tuliokula na limau.